Mkusanyaji wa majongoo aliyefika Ituri

Desemba 1891, katika nchi ya chifu Mazamboni huko Undussuma, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert na upande huu huu wa Gety kwetu Ituri, msafara wa mpelelezi Emin Pasha uligawanyika. Ndui ilikuwa imeingia kambini. Emin alibaki na wagonjwa, wazima akawakabidhi kwa Franz Stuhlmann, Mjerumani wa miaka 28, awarudishe Bukoba.

Lakini kazi ya kwanza ya Stuhlmann Afrika ilikuwa baharini. Mwaka 1888 na 1889 alikuwa Unguja na pwani ya bara, akiokota viumbe maji yakipwa: viti vya pweza, nungu wa bahari, majongoo bahari. Wote hao ni ukoo mmoja. Mwili wao hugawanyika mara tano, nao hutembea kwa vijiguu vyembamba vinavyosukumwa na maji yaliyo ndani yao. Jongoo wengi hawaonyeshi wazi mgawanyiko huo kwa nje. Mpaka wapasuliwe ndipo huonekana mistari mitano ya misuli.

Majongoo yale yalikwenda Ujerumani, kwa Kurt Lampert, ambaye tangu 1885 alikuwa na kitabu kizima juu yao. Kuyatambua ni kazi ngumu, kwani ndani ya spiriti jongoo hunywea na kupoteza rangi. Kwa hiyo mtaalamu hukata kipande kidogo cha ngozi, hukitia dawa mpaka nyama iyeyuke, kisha huweka chini ya hadubini vijifupa vya chokaa vilivyobaki. Vingine vina umbo la meza, vingine kama vifungo vya shati vyenye matundu. Hapo ndipo aina hutenganishwa. Lampert alichapisha matokeo mwaka 1896, na njia hiyo inatumika hadi leo.

Kwetu Ituri Stuhlmann aliendelea kukusanya. Mwaka 1893, huko Berlin, mtaalamu wa wanyama Matschie alimpa kima wa misitu yetu jina la Stuhlmann. Mwaka huo huo mtaalamu wa ndege Reichenow akafanya vivyo hivyo kwa kuzi mmoja. Lakini kila ngozi na kila chupa ilifika pwani vichwani mwa wapagazi. Baadhi ya wagonjwa waliobaki pamoja na Emin waliuawa na ndui, na Emin mwenyewe aliuawa msituni Oktoba 1892. Vibandiko vya makumbusho huandika mahali, tarehe na mkusanyaji. Nadhani ni haki watoto wanaosoma biolojia Gety waambiwe pia nani alibeba mzigo.