Ukiri na Jirani: Kutoka Barmen 1934 hadi Dar es Salaam 1977

Utangulizi

Tunapozungumza juu ya itikadi kali zinazoleta umwagaji wa damu, mara nyingi tunamfikiria adui aliye nje ya Kanisa. Historia ya Makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kati ya 1933 na 1945 yatufundisha jambo jingine. Itikadi iliyowaua Wayahudi wapatao milioni sita iliingia Kanisani kwa kura za washarika, kwa maazimio ya sinodi na kwa hoja za maprofesa wa theolojia. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi ilivyoingia, jinsi ilivyopingwa na upinzani huo ulipungukiwa na nini. Kisha tutatazama jinsi Walutheri wa kusini mwa Afrika walivyoshughulikia upungufu huo. Hoja yetu ni kwamba Kanisa linalotetea mimbari yake peke yake halijamaliza kukiri imani yake, kwa maana ukiri hupimwa kwa jirani.

1. Itikadi inapoingia kwa mlango wa mbele

Adolf Hitler alifanywa Chansela tarehe 30 Januari 1933. Tarehe 23 Machi bunge liliipa serikali yake uwezo wa kutunga sheria bila bunge. Tarehe 7 Aprili ilitolewa sheria ya kuwaondoa katika utumishi wa umma wale wasiohesabiwa kuwa Waarya, yaani hasa watu wa asili ya Kiyahudi. Hivyo demokrasia ilibomolewa kwa muda wa miezi michache, tena kwa mihuri ya serikali.

Ndani ya Kanisa kulikuwa na kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani. Hao walitaka Kanisa moja la taifa, chini ya askofu mmoja, lililotakaswa na kila kilichoitwa cha Kiyahudi. Katika uchaguzi wa Kanisa wa 23 Julai 1933, baada ya Hitler mwenyewe kuwaunga mkono redioni, walipata kama theluthi mbili ya kura. Mwezi Septemba sinodi ya Kanisa la Prussia, ambayo wajumbe wake wengi walivaa sare za kahawia za chama, iliipokea kanuni ya Kiarya: mchungaji mwenye asili ya Kiyahudi, au aliyeoa mke wa asili hiyo, asiwe tena mtumishi wa Kanisa. Tutambue uzito wa jambo hili. Damu iliwekwa juu ya Ubatizo. Tarehe 13 Novemba, mbele ya watu wapatao 20,000 mjini Berlin, msemaji wa kundi hilo, Reinhold Krause, alidai hata Agano la Kale litupwe.

Sisi Walutheri hatuwezi kusema kwamba hayo yalifanywa na wajinga. Mwezi Juni 1934 maprofesa Werner Elert na Paul Althaus wa Erlangen walikuwa miongoni mwa waliotia sahihi tamko la Ansbach, lililofundisha kwamba sheria ya Mungu hutufunga katika utaratibu wa uumbaji, yaani jamaa, taifa na damu, na lililomshukuru Mungu kwa ajili ya kiongozi aliyepatikana. Mafundisho ya Luther juu ya tawala mbili, yaliyokusudiwa kumzuia mtawala asijifanye mwokozi, yaligeuzwa kuwa pazia la kumfunika mtawala asionywe. Tena maandiko makali ya Luther ya 1543 dhidi ya Wayahudi yalikuwapo tayari kwa yeyote aliyetaka kuyatumia.

2. Barmen: yaliyosemwa na yaliyonyamaziwa

Wako waliokataa. Mchungaji Martin Niemöller aliunda Umoja wa Dharura wa Wachungaji, na mwanzoni mwa 1934 wanachama wake walifika 7,000 hivi. Kutoka hapo likatokea Kanisa la Ukiri. Tarehe 29 hadi 31 Mei 1934 wajumbe 139, Walutheri, Wareformed na wa Makanisa ya Muungano, walikutana Barmen na kupokea tamko lenye vifungu sita, ambalo mwandishi wake mkuu alikuwa Karl Barth. Kifungu cha kwanza kilimkiri Yesu Kristo kuwa ndiye Neno moja la Mungu, na kukana chemchemi nyingine yoyote ya mahubiri. Kifungu cha tano kilikiri kwamba dola imepewa na Mungu kazi ya kutunza haki na amani, lakini kikakataa dola kujifanya utaratibu pekee wa maisha yote ya mwanadamu. Hapa pana msingi wa kutosha wa kupinga kila utawala wa kiimla.

Hata hivyo Barmen haikutaja Wayahudi. Mwaka 1967 Barth aliandika kwamba alijiona ana hatia kwa kutolifanya jambo hilo kuwa la kuamua. Mtu mmoja alikuwa ameliona mapema. Mwezi Aprili 1933 Dietrich Bonhoeffer, akiwa na umri wa miaka 27, alieleza njia tatu za Kanisa mbele ya dola: kuiuliza kama matendo yake ni ya haki, kuwahudumia walioumizwa, hata wasio wa ushirika wa Kikristo, na ikibidi, kulizuia gurudumu lenyewe lisiendelee kuponda watu. Katika maandishi hayo alitumia neno la kale la Kilutheri, status confessionis, yaani hali inayolidai Kanisa likiri waziwazi kwa sababu Injili yenyewe imeguswa.

Ni haki kukumbuka kwamba mwaka 1936 viongozi wa Kanisa la Ukiri walimwandikia Hitler waraka uliolaumu chuki dhidi ya Wayahudi na makambi ya mateso. Waraka ulipochapishwa nje ya nchi, mwanasheria wao Friedrich Weissler, Mkristo wa asili ya Kiyahudi, alikamatwa. Wenzake Kanisani walijitenga naye. Mwezi Februari 1937 aliuawa katika kambi ya Sachsenhausen. Masinagogi yalipochomwa moto usiku wa 9 Novemba 1938, mimbari zilizosema zilikuwa chache sana. Bonhoeffer alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Mwezi Oktoba mwaka huo viongozi wa Kanisa waliungama hatia yao Stuttgart, lakini hata ungamo hilo halikuwataja Wayahudi kwa jina.

3. Kutoka Oniipa hadi Dar es Salaam

Neno lile la Bonhoeffer lilipata nguvu mpya katika Afrika. Tarehe 21 Juni 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Afrika Kusini inaikalia Namibia kinyume cha sheria. Siku tisa baadaye Askofu Leonard Auala na Mchungaji Paulus Gowaseb, viongozi wa Makanisa mawili ya Kilutheri ya Waafrika, walimpelekea Waziri Mkuu Vorster barua ya wazi. Walipima utawala wake kwa Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, wakionyesha jinsi watu wanavyonyimwa uhuru wa kwenda, wa kusema na wa kupiga kura. Barua ilisomwa sharikani. Hawakuomba nafasi kwa ajili ya Kanisa tu. Waliwasemea watu wote wa nchi. Mwezi Mei 1973 kiwanda cha kuchapia cha Kanisa huko Oniipa kililipuliwa kwa bomu.

Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano wake Mkuu wa sita Dar es Salaam, na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Mkutano huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika umeleta status confessionis: kuukataa hadharani ni sehemu ya imani, wala si hiari ya siasa. Tamko halikubaki karatasini. Mwaka 1984, huko Budapest, Makanisa mawili ya wazungu ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa sababu hayakuukataa ubaguzi. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990.

Hitimisho

Afrika Mashariki nayo imeonja itikadi za kuua. Tunakumbuka mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya 7 Agosti 1998, na Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, ambako watu 148 waliuawa na wauaji waliowatenga Wakristo na Waislamu. Dola ina wajibu wa kuwazuia watu wa namna hiyo. Warumi 13 yasema hivyo, na Barmen pia. Lakini majaribu yetu huja baada ya mazishi. Je, kijana Mwislamu akikamatwa pasipo shtaka, na mama yake asijue alipo, tutanyamaza kwa kuwa si msharika wetu? Tukinyamaza, tutakuwa tumerudia ukimya wa Barmen huku tukilisifu tamko lake.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, vyuo vyetu vifundishe Barmen pamoja na ukimya wake, na jina la Weissler litajwe pamoja na la Bonhoeffer. Pili, kila sinodi inapoandaa tamko, ijiulize kabla ya kutia sahihi: ni nani anayeumia, ambaye hatujamtaja? Msamaria wa Luka 10 hakuuliza dini ya mtu aliyelala njiani. Bwana alijalie Kanisa lake macho ya namna hiyo.