Gofu ilipoingia Marekani: Magazeti yalieleza mchezo ambao hayakuufahamu

Mwezi Februari mwaka 1888, John Reid, mhamiaji kutoka Scotland, aliwakusanya rafiki zake katika malisho ya ng'ombe mjini Yonkers, jimbo la New York, akawaonesha mchezo wa kwao. Uwanja ulikuwa na mashimo matatu tu. Mwezi Novemba mwaka huo huo waliunda klabu ya St. Andrew's, mojawapo ya klabu kongwe za gofu nchini humo.

Magazeti yalilazimika kuwaeleza wasomaji jambo ambalo wengi hawajawahi kuliona. Mwaka 1889 gazeti la Philadelphia Times liliueleza mchezo huo kana kwamba ni mbio: mchezaji hupiga mpira na kuukimbilia, mtumishi akimfuata na fimbo, na anayetangulia kumaliza mzunguko hushinda. Kumbe mshindi ni anayeingiza mpira mashimoni kwa mapigo machache zaidi, hata akitembea polepole. Makala hiyo ilieleza pia kwamba watazamaji husimama mbali, maana mpira huweza kwenda usikokusudiwa. Hapo haikukosea.

Chama cha Gofu cha Marekani kiliundwa mwaka 1894, na michuano ya kwanza ya wazi ikafanyika Newport mwaka uliofuata. Sasa swali halikuwa tena mchezo unachezwaje, bali ni wa nani.

Mwaka 1896, katika uwanja wa Shinnecock Hills, kijana Mweusi wa miaka 16, John Shippen, alijiandikisha pamoja na Oscar Bunn, mwenyeji wa kabila la Shinnecock. Baadhi ya wachezaji walitishia kujitoa. Rais wa chama, Theodore Havemeyer, alikataa kuwaondoa vijana hao, na michuano ikaendelea. Shippen alikuwa miongoni mwa waliotamba katika duru ya kwanza, kabla ya shimo moja kumgharimu mapigo 11.

Mlango huo haukubaki wazi. Mwaka 1934 chama cha wachezaji wa kulipwa, PGA, kiliweka kanuni ya kupokea wazungu pekee, na hakikuifuta hadi mwaka 1961. Kanuni za mchezo zilieleweka katika miaka michache. Haki ya kuucheza ilichukua miongo.