Lord Canning: Mwingereza aliyeitenga Maskati na Zanzibar

Charles John Canning alizaliwa karibu na London tarehe 14 Disemba 1812, katika nyumba iliyozoea siasa. Baba yake, George Canning, alifariki mwaka 1827 akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Kijana huyo alisoma Eton na Oxford, akaingia bungeni mwaka 1836, na mwaka uliofuata akarithi cheo cha mama yake na kuhamia Baraza la Malodi. Alipata kuwa naibu waziri katika Wizara ya Mambo ya Nje, kisha akasimamia idara ya posta.

Mwaka 1856 akawa Gavana Mkuu wa India. Uasi mkubwa ulizuka mwaka 1857, naye alipokataa kisasi cha jumla Waingereza wenzake walimdhihaki kwa kumwita Canning Mwenye Huruma. Mwaka 1858 akawa mwakilishi wa kwanza wa Malkia nchini India.

Hata hivyo, katika Maskati na Zanzibar jina lake linakumbukwa kwa jambo jingine. Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini Oktoba 1856, akirejea Zanzibar kutoka Maskati. Mwanawe Thuwaini akashika Maskati, na Majid akashika Zanzibar. Thuwaini alidai kwamba ndugu yake alikuwa chini yake na kwamba alimwahidi fedha kila mwaka. Majid alikana kuwa chini ya yeyote. Mwaka 1859 Thuwaini alitayarisha merikebu kwenda kuishambulia Zanzibar, Waingereza wakamzuia. Ndugu hao wakakubali shauri lao lipelekwe kwa Canning, ambaye hakuwa hakimu, wala serikali yake haikuwa mtazamaji tu katika Bahari ya Hindi.

Brigedia William Coghlan wa Aden ndiye aliyefanya uchunguzi. Tarehe 2 Aprili 1861 Canning alitoa uamuzi: Majid awe mtawala wa Zanzibar na milki za Afrika, naye ailipe Maskati reale 40,000 kila mwaka, pamoja na malimbikizo ya miaka miwili, yaani reale 80,000. Alieleza bayana kwamba malipo hayo si kodi ya utii, bali ni fidia, kwa kuwa urithi wa Zanzibar ulikuwa mnono kuliko ule wa Maskati.

Kwenye karatasi, kila upande ulipata kitu. Kwa kweli Maskati ilipoteza pato lake kubwa na kubaki ikingojea fedha za mwaka hadi mwaka. Machi 1862 Uingereza na Ufaransa ziliahidiana kuheshimu uhuru wa masultani wote wawili. Thuwaini aliuawa na mwanawe Salim mwaka 1866, na Majid akasita kulipa. Baadaye serikali ya Waingereza nchini India ikaubeba mzigo huo.

Canning hakuishi kuyaona hayo. Mkewe Charlotte alifariki India Novemba 1861, naye akarudi kwao akiwa mgonjwa, akafa London tarehe 17 Juni 1862. Hakuacha mtoto, na cheo chake kikafa naye.

Wale waliohama Zanzibar kwenda Maskati baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, waliuvuka mpaka ambao Canning aliuweka kwa barua.