Utafiti wa wanafunzi wa udaktari

Utafiti wa wanafunzi wa udaktari ni kazi ya kisayansi inayofanywa chini ya msimamizi kabla ya kuhitimu. Mwanafunzi huchagua swali, huandika pendekezo, huomba kibali cha kamati ya maadili, hukusanya na kuchambua data, kisha huandika ripoti au tasnifu.

Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kimedai tasnifu kwa wanafunzi wake wa udaktari tangu 1839. Na wanaodhani kazi za wanafunzi ni za mazoezi tu wamtazame Paul Langerhans. Katika tasnifu yake ya Berlin ya 1869, akiwa na miaka 21, alieleza vikundi vya seli ndani ya kongosho bila kujua vinafanya kazi gani; baadaye ikabainika kuwa humo ndimo insulini inamotengenezwa. Jay McLean naye alikuwa mwanafunzi wa Johns Hopkins alipochapisha, mwaka 1916, matokeo yaliyofungua njia ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Afrika Mashariki, mpango wa elimu ya udaktari wa MEPI uliofadhiliwa na Marekani kuanzia 2010 uliimarisha mafunzo na utafiti katika vyuo vikuu vya Makerere na Nairobi na chuo cha tiba cha KCMC, Moshi.

Kikwazo kikubwa ni muda. Ratiba ya wodini hubana, wasimamizi ni wachache, na mada pana mno huishia na data pungufu. Swali dogo, linalojibika kwa mafaili ya wagonjwa ya wodi moja, humfunza mwanafunzi zaidi.