Neno "Wastani" na Mbio za Mtihani Nchini Kenya

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya neno moja, wastani, katika maisha ya shule za Kenya, na hasa katika kinywa cha mzazi. Neno lenyewe halina kosa. Tulilipokea kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kati, na huko kwao kati ni mahali pa heshima: katika Sura ya Al-Baqara umma wa kati umetajwa kwa sifa njema, na wafasiri wengi wameihusisha sifa hiyo na uadilifu. Katika Kiswahili cha kila siku pia neno hili halimtukani mtu. Bei ya wastani ni bei nzuri, na mtu wa kimo cha wastani hana la kulalamikia. Lakini mzazi wa Kisumu, Nyeri au Mombasa aambiwapo na mwalimu kwamba mwanawe ni wa wastani, hasikii kwamba mtoto yuko kati. Asikia kwamba mtoto amepotea. Swali letu ni jinsi neno la kipimo lilivyopata kuwa neno la aibu.

Jibu lililo jepesi ni kuwalaumu wazazi kwa majivuno. Majivuno yapo, na hayakuletwa na shule ya kizungu. Katika chuo cha Kurani cha mwambao mzazi alijivunia mwana aliyehitimu mapema, na khitma ilifanyiwa karamu ili majirani wajue. Hata hivyo, yafaa tulitazame neno lenyewe la chuoni. Kuhitimu ni kukamilisha. Kila mtoto alikuwa na ubao wake na juzuu yake, akienda kwa mwendo wake, na aliyekamilisha hakumnyang'anya mwenziwe kitu. Palikuwa na wepesi na wazito, lakini hapakuwa na mtoto wa nafasi ya ishirini na tano kati ya arobaini.

Nafasi hizo zililetwa na uchache, tena uchache uliopangwa. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 iliigawa elimu ya Waafrika katika vipindi vya miaka minne minne, na mwisho wa darasa la nne ukawekwa mtihani wa mchujo. Mtoto alichujwa kabla hajapata umri wa kuelewa anachujwa kwa ajili ya nini. Waliovuka walikutana na mtihani mwingine mwisho wa darasa la nane. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, shule za msingi zilikuwa na wanafunzi karibu 890,000, na za sekondari takriban 30,000. Mzazi wa siku zile huenda hakuzijua tarakimu hizi, ila alizijua kwa macho: aliwahesabu watoto wa kijiji, akamhesabu mmoja aliyevaa viatu vya sekondari. Kumtaka mwanawe awapite wengine hakukuwa majivuno matupu. Ilikuwa hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi.

Tume ya Ominde, iliyotoa ripoti yake ya kwanza mwaka 1964, ilipendekeza mfumo mpya usio na mchujo wa darasa la nne. Mlango mmoja ukaondolewa, na msongamano wote ukahamia kwenye mlango uliobaki, yaani mtihani wa CPE wa darasa la saba ulioanza mwaka 1966. Mtihani huu ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati, na karatasi ya maarifa ya jumla. Kiswahili hakikuwamo. Matokeo yake twayafahamu sisi tunaofundisha lugha hii: somo lisilotahiniwa halikuwa na mtetezi, na katika shule nyingi kipindi chake kiliazimwa na Hisabati bila kurudishwa. Mzazi aliyekuwa akihesabu nafasi hakuona kwa nini mwanawe apoteze muda kwa lugha isiyompandisha hata hatua moja.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza Kiswahili kifunzwe kwa lazima na kutahiniwa, na jambo hilo likatimia mfumo wa 8-4-4 ulipoingia na mtihani wa KCPE ukafanywa mara ya kwanza mwaka 1985. Wanalugha wamezoea kuuhesabu mwaka huo kuwa wa ushindi. Nami sikatai. Bila uamuzi huo idara nyingi za Kiswahili zisingekuwa na wanafunzi, na mwandishi wa makala haya pengine angekuwa na kazi nyingine. Lakini ushindi ule uliiingiza lugha katika mbio zile zile, na mbio hazikuiacha kama zilivyoikuta.

Ushahidi umo katika insha. Karatasi ya insha ilipewa dakika 40 na alama 40, na kwa muda huo mtoto alitakiwa aonyeshe kwamba yeye si wa kawaida. Ndipo ilipoota lugha ambayo kila msahihishaji aijua. Hakuna anayeamka: kila mtu arauka. Hakuna anayekunywa chai: astaftahi. Haendi shuleni, bali ashika tariki. Na kabla hajafika, jua la matlai limekwisha kuchomoza na majogoo yamewika katika aya nzima. Methali tatu zafuatana, zikisema mambo matatu yanayopingana. Wazazi walinunua vitabu vya misemo, walimu wakaamuru ikaririwe, nayo ilikaririwa kama dawa inywewavyo, kwa kipimo. Si haki kumcheka mtoto. Alikuwa akiandika kwa ajili ya mtu asiyemjua, mwenye kalamu nyekundu na rundo la karatasi, na alikuwa ameonywa kwamba sentensi ya wastani humwacha mtu nyuma. Baadhi ya wanafunzi hao hutufikia chuo kikuu wakiwa na akiba kubwa ya mapambo na woga mkubwa wa kusema jambo kwa maneno yao.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe, kwani hapa ndipo penye kiini. Alama za KCPE alizopewa mzazi hazikuwa alama mbichi. Zilisawazishwa ili wastani wa kila somo uwe 50. Masomo yalipopunguzwa yakawa matano, jumla ikawa 500 na wastani ukawa 250. Maana yake ni kwamba, hata kama watoto wote wa Kenya wangezidisha maarifa maradufu katika mwaka mmoja, takriban nusu yao wangebaki chini ya 250. Nusu ile haikuzalishwa na uvivu wala na wazazi wazembe. Ilizalishwa na kanuni ya kukokotoa. Na bado, kila mwaka matokeo yalipotangazwa, nusu hiyo ilirudi nyumbani kuulizwa imekosa nini.

Wakati huo huo neno lilikuwa likipata maana ya pili. "Mtoto wa wastani" ilikuwa aibu, lakini "wastani wa shule" ukawa fahari, ukaandikwa ubaoni ofisini na kusomwa mbele ya wazazi. Ili wastani wa shule upande, watoto wa chini ya wastani walirudishwa darasa, au wakasajiliwa katika kituo kingine cha mtihani ili majina yao yasionekane. Mzazi aliyeshangilia wastani wa shule katika mkutano na mzazi aliyeambiwa ampeleke mwanawe kwingine walikuwa, mara nyingine, mtu mmoja katika miaka miwili tofauti.

Serikali iliona madhara. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na mwaka 2014 Wizara ya Elimu ikasimamisha kupangwa kwa shule na watahiniwa kwa nafasi. Hatua hizo hazikufika mbali. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeanza mwaka 2003, watahiniwa wa KCPE wakafikia takriban milioni 1.4 katika mtihani wa mwisho wa mwaka 2023, ilhali shule zilizotamaniwa na wote zilibaki chache. Tangu 2018 sera ilimtaka kila mtoto aende sekondari. Kwa hiyo swali la mzazi halikuwa tena kama mwanawe atapata nafasi, bali ni nafasi gani.

Mtaala wa Umilisi umejaribu kuliondoa neno lenyewe. Humo hamna wastani. Mna matarajio, na mtoto huweza kuwa mbali nayo, kuyakaribia, kuyafikia au kuyazidisha. Kinadharia hili ni badiliko kubwa, kwa kuwa wote waweza kufikia jambo bila mmoja kumshusha mwingine, kama kule chuoni. Kilugha, hata hivyo, matarajio ni nomino isiyotaja mwenyewe. Ni matarajio ya nani? Mtaala wakusudia yake. Mzazi asoma yake. Na matarajio ya mzazi, kwa historia tuliyoieleza, hayajapata kuwa ya kufikia. Anatafuta lile neno la mwisho, kuzidisha. Katika tathmini ya kwanza ya gredi ya tisa, iliyofanywa mwaka 2025 na ambayo huchangia kuamua mtoto ataingia shule gani ya juu, kila kiwango kiligawanywa mara mbili, na kuzidisha matarajio nako kukapata daraja la kwanza na la pili.