Jana nilipiga vizuri, leo imeenda wapi?

Niko Mahagi-Port. Ziwa limetulia, mtandao unakuja na kwenda, kwa hiyo mkiona sentensi imekatika mjue ni mtandao, si mimi.

Leo nataka kusema juu ya gofu. Msicheke kwanza. Najua hapa kwetu tuna mchanga, mitumbwi, samaki na wanunuzi wanaovuka toka Panyimur. Uwanja wa gofu hatuna. Lakini miaka ya masomo yangu Kampala nilikuwa kedi, yule mtu anayebeba mfuko wa fimbo na kumtembeza mchezaji mashimo 18. Ile kazi ndiyo ililipa minerval yangu. Na wale jirani zetu gofu wanaijua zamani: klabu ya Entebbe ni ya mwaka 1901. Kule Jinja, karibu na Nile, iliwahi kuwepo sheria kwamba mpira ukiingia kwenye alama ya mguu wa kiboko, unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Mimi nilipenda gofu kwa sababu ya hiyo sheria tu.

Sasa niseme kilichoniuma. Klabu moja, jina lake naliacha, ilitafuta kedi mmoja wa kusaidia kufundisha watoto. Mshahara wa kila mwezi, si ile ya kungoja mchezaji akukumbuke. Mtihani ulikuwa Jumanne asubuhi. Jumatatu jioni nilichukua fimbo ya chuma namba 7, nikasimama mahali pamoja, nikapiga mpira baada ya mpira kuelekea bendera ileile. Mwanzo vibaya. Halafu mwili ukaelewa: bega likazunguka, kiuno kikafuata, mikono ikatulia. Mipira kama thelathini ya mwisho ilikwenda mahali pamoja kana kwamba imefungwa kamba. Nililala nikijua kazi ni yangu.

Asubuhi, mpira wa kwanza uliingia kwenye miti. Wa pili niliugonga juu ukabiringika kama chungwa. Wa tatu sitaki kuusema. Nafasi ikachukuliwa na kijana ambaye jioni ile alipiga ovyo kuliko mimi, na muzee mmoja wa makedi akanishika bega: “Wee Mukongo, jana ulikuwa unapiga mpira. Leo unapiga jana.”

Nilikasirika. Nikasema ni uchawi, ni woga, ni kiatu. Miaka miwili baadaye, nikitafuta kitu kingine kabisa kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho ya chuo, nikakuta kwamba hii habari ina historia ndefu, na wala haikuanza na gofu.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, peke yake, miaka na miaka (fikirieni jirani anamsikia!), akihesabu anasahau kwa kasi gani. Kati ya vitu alivyoviona: kurudia mara 38 kwa kugawanya katika siku tatu kulimsaidia sawa na kurudia mara 68 siku moja. Sisi tuliobloquer usiku mzima kabla ya mtihani, kisha wiki mbili baadaye hatukumbuki hata jina la kozi, hiyo hesabu inatuhusu.

Lakini iliyonikamata ni habari ya watu wa posta wa Uingereza, ya mwaka 1978. Posta ilikuwa inaleta mashine za kuchambua barua kwa kodi, na wafanyakazi walipaswa kujifunza kupiga taipu. Watafiti Baddeley na Longman wakawagawa. Kundi moja lilijifunza saa moja kwa siku. Lingine saa mbili, mara mbili kwa siku, jumla saa nne. Mengine mawili yalikuwa katikati. Wale wa saa moja walilijua kibodi kwa karibu saa 35 za mazoezi. Wale wa saa nne walihitaji karibu 50. Saa kwa saa, wa polepole walishinda. Ila sikilizeni hii: hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote. Siku zilipita, wakaona wenzao wako mbele, wakajiona wajinga. Njia iliyowafaa ndiyo iliyowasikitisha.

Mwaka uliofuata, 1979, Wamarekani wawili, Shea na Morgan, wakaongeza kitu. Waliwapa wanafunzi kazi tatu za mkono, kuangusha vibao kwa mfuatano fulani, haraka iwezekanavyo. Wengine walirudia kazi ya kwanza mpaka ikaisha, halafu ya pili, halafu ya tatu. Wengine walichanganyiwa, hawajui inayofuata ni ipi. Wakati wa mazoezi, wale wa kurudia walikuwa wepesi zaidi. Walipopimwa tena, hata baada ya siku kumi, waliochanganyiwa walikuwa mbele.

Njo pale nikaelewa ile Jumatatu yangu. Ukisimama mahali pamoja na fimbo moja na bendera moja, baada ya mpira wa kumi kichwa hakitengenezi tena pigo. Kinaendeleza lile lililopita sekunde chache nyuma. Linaonekana zuri, na ni zuri kweli, ila umeliazima. Uwanjani kila pigo unalipiga mara moja tu, kisha unatembea mita mia na zaidi, nyasi ni nyingine, umbali mwingine, fimbo nyingine. Lazima ulitafute upya toka mwanzo. Na mimi jioni ile kulitafuta upya sikujizoeza hata mara moja.

Mfano wake mkubwa ni Seve Ballesteros, mtoto wa Pedreña, Hispania, aliyezaliwa 1957. Naye alikuwa kedi. Alijifunza na fimbo moja ya chuma, namba 3, kwenye mchanga wa pwani, akipiga mawe kabla ya kupata mipira. Fimbo moja, ndiyo, lakini kila pigo lilikuwa jipya: mchanga mkavu, mchanga wa maji, karibu, mbali, juu, chini. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akashinda Kenya Open. Mwaka 1979, akiwa na miaka 22, alishinda British Open pale Royal Lytham, na siku ya mwisho, kwenye shimo la 16, mpira wake ulikwenda kuangukia kwenye maegesho ya magari. Akaupiga toka pale, akalimaliza lile shimo kwa pigo moja chini ya kiwango. Watu walisema bahati. Mimi naona mtoto wa mchanga aliyezoea kupiga toka popote.

Sasa hivi nafundisha sekondari hapa, na finalisti wangu wanangoja Examen d'État. Nimeacha kuwapa sura moja ya hesabu wiki nzima. Nachanganya: swali la leo, la mwezi uliopita, la mwaka jana. Wananichukia. Mzazi mmoja alikuja kuniambia zamani mtoto alikuwa anapata 16 kwa 20 kila Ijumaa, sasa anapata 11, mwalimu una shida gani? Nilimpa habari ya watu wa posta. Hakuridhika, na simlaumu, maana mtihani haujafika na mimi pia usiku nahesabu siku.

Fimbo yangu ya namba 7 bado ninayo, niliivusha ziwa ndani ya gunia. Jioni naipeleka ufukweni, mipira ishirini, kila mmoja na shabaha yake, kisha narudi nyumbani. Jana ule wa ishirini ulikuwa mtamu, mkono ukataka mwingine, nikaufunga mfuko kwa nguvu. Leo asubuhi wa kwanza uliingia majini. Wa pili nao. Wa tatu uliangukia palepale nilipoulenga, mita chache toka mtumbwi wa mjomba, akanigombeza mpaka ikabidi nifiche fimbo chini ya nyavu.