Saa Iliyofukiwa Olduvai

Ukila michembe hapa Bariadi umekula pia kitu kisichodumu. Ndani ya viazi, kama ilivyo ndani ya mwili wako, mna potasiamu, na takriban chembe moja katika kila elfu kumi za potasiamu hiyo haina utulivu. Hukaa, hukaa, kisha siku moja hugeuka kitu kingine.

Chembe za namna hii hazilingani umri. Mwaka 1952 Enrico Fermi na wenzake huko Chicago waliona dalili za chembe inayozaliwa na kufa papo hapo, kabla hata jicho halijafumba. Hii ya potasiamu ni mzee wa ukoo: nusu yake huchukua takriban miaka milioni 1,250 kwisha. Hakuna ajuaye ni ipi itakayogeuka leo, ila kwa wingi wao hesabu haikosei.

Sasa tuelekee mashariki, tuvuke Serengeti mpaka Bonde la Olduvai. Julai 17, 1959, Mary Leakey aliona pale fuvu lililoitwa Zinjanthropus. Mumewe, Louis, alikisia kuwa lina miaka 600,000. Lakini matabaka ya majivu ya volkano yaliyokuwa pale yalikuwa na potasiamu, na sehemu ya potasiamu hiyo hugeuka hewa ya agoni. Volkano inapolipuka, joto huifukuza agoni ya zamani na saa huanza upya. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California waliipima agoni iliyonaswa humo, wakatangaza miaka 1,750,000.

Wataalamu wengine walikataa. Barazani shahidi mmoja hatoshi. Mwaka 1965 akaja wa pili: urani, ambayo ikipasuka huacha michirizi midogo ndani ya kioo cha volkano. Michirizi ikahesabiwa, jibu likawa takriban miaka milioni mbili. Mashahidi wawili wasiojuana wakakubaliana.

Nayasema haya kwa sababu moja. Majivu ni ya kwetu, na fuvu limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Saa yake ilisomwa Marekani. Kijana wetu anayekimbia fizikia, eti haihusiani na pamba wala ng'ombe, aambiwe kwamba ardhi anayoilima ina kumbukumbu, nayo humjibu ajuaye kuuliza. Mzazi na mwalimu, tusikubali waulizaji wawe wageni siku zote.